Shule yetu imeshuka kwenye mtihani. Je, ni sawa ikatwe fedha?

*"Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya msingi ya umma, na mwanangu anasoma hapo darasa la nne. Mwaka juzi tulikuwa na watahiniwa 40, ufaulu ukawa asilimia 60. Mwaka jana walikuwa 40 tena, ufaulu ukashuka hadi asilimia 45. Sasa kuna pendekezo kwamba ruzuku ya shule za umma igawanywe kwa kufuata matokeo: shule iliyopanda iongezewe, iliyoshuka ipunguziwe mpaka ijirekebishe. Wajumbe wenzangu kadhaa wanaliunga mkono. Wanasema chanda chema huvikwa pete, na kwamba kodi ya wananchi haiwezi kuendelea kumwagwa kwenye shule zisizozaa matunda. Nikipinga naonekana natetea uzembe. Lakini shule yenyewe ina upungufu wa walimu watatu, na sioni kukatwa fedha kutatusaidiaje. Je, utaratibu huu umewahi kufaulu popote? Bodi yetu iseme nini? Na je, nimhamishe mwanangu mapema?"*

Ndugu mjumbe, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. La mtoto nitaliweka mwisho, si kwa kulidharau, ila kwa sababu jibu lake linategemea haya mengine.

Kwanza ondoa hofu ya kuonekana mtetezi wa uzembe. Wenzako wana hoja, na ukiingia kikaoni ukaibeza utakuwa umeshindwa kabla hujafungua kinywa. Mahali pengi fedha za shule hutoka kwa kuhesabu vichwa, mwalimu hulipwa kwa cheti chake na miaka yake kazini, na yule anayekesha akisahihisha madaftari hupokea sawa na asiyeonekana darasani siku mbili kwa wiki. Mtu akiuliza mbona hakuna tofauti, ameuliza swali la haki. Ninachokataa ni jibu lililopendekezwa, kwa sababu linamwadhibu asiyehusika.

Hebu tuichukue hiyo methali yao. Chanda chema na kivikwe pete, mimi sina ugomvi nayo. Lakini pete ni pambo, kidole huishi bila pete. Ruzuku ya shule siyo pambo. Ni chaki, vitabu, maji, umeme, ukarabati wa paa, karatasi za mitihani ya ndani. Ukiikata, wale watahiniwa 40 walioshusha ufaulu hawaguswi, wameshamaliza na wameondoka. Atakayeguswa ni mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajawahi kukaa mbele ya mtihani wowote, na mwalimu wake, ambaye huenda hakuwahi kuwafundisha wale walioshuka. Hapo ndipo hesabu nzima ya pendekezo inapokosea, na ukiwafikisha wenzako kuliona hilo tu, mengine yatakuwa mepesi.

Sasa tuziangalie hizo asilimia zenu, maana nahisi hata wewe umeziamini kuliko zinavyostahili.

Asilimia 60 ya watoto 40 ni watoto 24. Asilimia 45 ni watoto 18. Kwa hiyo "kuporomoka" kunakozungumzwa ni watoto sita. Sita! Wawili waliougua malaria wiki ya mtihani, mmoja aliyefiwa, kundi la marafiki watatu waliohamia shule nyingine mwanzoni mwa mwaka, na hesabu imetimia. Tena watoto wa mwaka jana si wale wa mwaka juzi. Mnalinganisha makundi mawili ya watu tofauti kisha mnasema shule imebadilika.

Takwimu zina namna ya kulipima jambo hili. Shule ya watahiniwa 40 ambayo ubora wake haujasogea hata kidogo itaona ufaulu wake ukiyumba, kwa bahati tu, kwa takriban pointi 8 juu au chini katika mwaka mmoja. Ukilinganisha mwaka na mwaka, yumbo hilo linafika takriban pointi 11. Tofauti ya pointi 15 au zaidi, kupanda au kushuka, ingetokea karibu mara moja katika kila jozi sita za miaka bila mwalimu yeyote kubadilisha chochote. Sisemi kwamba shule yenu haina tatizo. Nasema namba mbili hizi haziwezi kukuambia kama tatizo lipo au halipo. Ingekuwa ni shule ya watahiniwa 400, yumbo la mwaka na mwaka lingekuwa pointi tatu na nusu hivi, na kushuka kwa pointi 15 ningekuchukulia kwa uzito mwingine kabisa.

Wanauchumi wawili wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walilionyesha hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kutumia matokeo ya shule za jimbo la North Carolina. Shule ndogo ndizo zilizojaa kileleni mwa orodha ya zilizopanda, na shule ndogo hizohizo ndizo zilizojaa mkiani. Si kwamba shule ndogo zina walimu wazuri sana au wabaya sana. Ni kwamba watoto wachache hutoa wastani unaorukaruka. Mfumo unaogawa fedha kwa mabadiliko ya mwaka mmoja, kwa shule ndogo, ni bahati nasibu. Na mwalimu mkuu asiyejua mwakani atapata nini hawezi kupanga hata kununua vitabu vya miaka miwili.

Liko la pili. Tuseme mmeweka wastani wa miaka mitatu, yumbo limetulia. Alama zilizobaki bado hazipimi shule peke yake. Mwaka 1966 James Coleman aliongoza utafiti mkubwa uliokusanya taarifa za wanafunzi wapatao 600,000 nchini Marekani, na matokeo yake yalizua mjadala ambao mpaka leo haujaisha: tofauti za alama kati ya watoto zilielezwa zaidi na nyumba walizotoka kuliko na vifaa vya shule walizosoma. Wengi walilisoma hilo vibaya, wakadhani limesema shule hazina maana. Lilichosema ni kwamba alama ya mwisho imebeba vitu vingi: kama mama anajua kusoma, kama mtoto hushinda njaa, kama aliwahi kusoma elimu ya awali, lugha anayoongea nyumbani. Shule yenye watoto wa wazazi waliosoma inaweza kufundisha kivivu na bado ikaongoza. Shule jirani inaweza kumpokea mtoto asiyejua herufi na kumfikisha asilimia 50, kazi kubwa ajabu, na bado ikaitwa imefeli.

Ndiyo maana wanaojali haki huuliza mtoto amepiga hatua ngapi tangu alipopokelewa, badala ya kuuliza amefika wapi. Chile walijaribu njia nyingine ya kulikabili hilo. Tangu mwaka 1996 wana tuzo ya kitaifa inayotolewa kila baada ya miaka miwili, ambapo shule hushindanishwa na zinazofanana nazo kwa hali za familia na mazingira. Shule ya kitongoji maskini haipambanishwi na ya mtaa wa matajiri. Kisha, mwaka 2008, wakaongeza sheria nyingine kando yake, inayoipa shule ruzuku ya ziada kwa kila mtoto anayetoka kwenye familia duni, kwa sharti kwamba shule iwe na mpango wa kuboresha ufundishaji. Tuzo ikawa juu, uhitaji ukawa chini kwenye msingi. Hilo likae akilini, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watunga sera hulisahau kila kizazi: watu hubadilika wakijua wanapimwa kwa nini. Wazo la kulipa shule kwa matokeo ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza waliliweka mwaka 1862, chini ya mwanasiasa Robert Lowe. Kila mtoto aliyehudhuria aliiletea shule shilingi 4, na nyingine 8 zilitegemea mtihani wa kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Akianguka katika somo moja, shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Lowe alilitangaza kwa majigambo kwamba mfumo kama hautakuwa wa gharama nafuu basi utakuwa wenye tija, na kama hautakuwa na tija basi utakuwa nafuu. Kilichofuata kinajulikana. Walimu waliacha historia, jiografia na mengineyo yasiyolipiwa. Watoto walikaririshwa kitabu cha kusomea mpaka wakaweza "kukisoma" bila kukitazama. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliandika katika ripoti yake kwamba kwa maandalizi ya ujanja mtoto angeweza kuvuka mtihani wa kusoma pasipo kujua kusoma. Mfumo ule ulivunjwa kidogokidogo hadi ukatoweka katika miaka ya 1890. Miaka thelathini ya watoto.

Usidhani walimu wa Uingereza walikuwa wabaya. Ukimwambia mwalimu mwenye madarasa yaliyofurika kwamba paa la shule linategemea mstari mmoja kwenye karatasi ya matokeo, atafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Utafiti wa miaka ya karibuni umeyaorodhesha hayo kwa kina kinachotia huzuni, na wakati mwingine kuchekesha. Kule Chicago, Marekani, watafiti Derek Neal na Diane Whitmore Schanzenbach waligundua kwamba mfumo unaohesabu waliovuka mstari wa ufaulu uliwanufaisha watoto wa katikati, wale walio karibu na mstari, huku walio chini kabisa wakibaki walipokuwa. Mwalimu anajua nani anaweza kuvushwa, na anajua nani hata akipewa mwaka mzima hatavuka, basi muda anaupeleka kwa wa kwanza. Chicago hiyohiyo, Brian Jacob na Steven Levitt walichambua majibu ya wanafunzi wakakadiria kwamba udanganyifu mkubwa wa walimu au wasimamizi ulitokea, kwa uchache, katika asilimia 4 hadi 5 ya madarasa kila mwaka. Florida, shule zilionekana kuwapa wanafunzi dhaifu adhabu ndefu zaidi za kusimamishwa masomo kipindi cha mtihani kinapokaribia. Na Virginia, hapa ndipo pa kucheka, baadhi ya shule zilizokuwa hatarini kuadhibiwa ziliongeza nguvu kwenye mlo wa mchana siku za mtihani ili vichwa vichangamke.

Kilele chake kilikuwa Atlanta. Uchunguzi wa jimbo uliotolewa mwaka 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44 na kuwataja walimu na wakuu 178. Watu wazima walikuwa wakifuta majibu ya watoto na kuandika sahihi. Mwaka 2015, 11 kati yao walitiwa hatiani mahakamani. Sikilizeni madhara yake: mtoto aliyestahili kupelekwa kwenye masomo ya ziada alionekana hana haja nayo, kwa sababu karatasi yake ilisema anajua.

Na kuna ujanja usiohitaji kifutio, ambao wewe kama mjumbe wa bodi utautambua upesi. Ni mchujo. Mtoto dhaifu anarudishwa kukariri darasa, mwingine mzazi anashauriwa "amtafutie shule inayomfaa", wa tatu anaambiwa asijisajili mwaka huu. Ufaulu unapanda, shule inapongezwa, na wale watatu hakuna anayewahesabu.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kuunganisha fedha na matokeo kumeshindwa kila mahali, na ningekudanganya nikisema hivyo. Umeuliza kama umewahi kufaulu popote. Ndiyo, lakini tazama umbo lake pale ulipofaulu.

Anza na pale uliposhindwa kwa heshima. Magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso mwishoni mwa miaka ya 1990, Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer, huyu wa mwisho akaja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia mpango wa kuwazawadia walimu wa shule 50 kulingana na matokeo ya mtihani. Alama zilipanda kwenye mtihani uliokuwa na zawadi. Kwenye mtihani mwingine usio na zawadi, hazikupanda. Mahudhurio ya walimu hayakubadilika, wala kazi za nyumbani hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya maandalizi ya mtihani. Mpango ulipoisha, faida nayo ikapotea.

India, jimbo la Andhra Pradesh, ilikuwa tofauti. Karthik Muralidharan na Venkatesh Sundararaman waliona watoto wa shule zenye motisha wakipata maendeleo ya wazi katika hesabu na lugha baada ya miaka miwili, na hata katika sayansi na maarifa ya jamii ambayo hayakulipiwa chochote. Siri ilikuwa kwenye kanuni ya malipo. Mwalimu alilipwa kwa wastani wa hatua iliyopigwa na watoto wake wote, hakukuwa na mstari mmoja wa kuvuka, kwa hiyo kumsaidia mtoto wa mwisho darasani kulimlipa sawa na kumsaidia wa kwanza. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, kwa wastani kama asilimia 3 ya mshahara wa mwaka.

Lakini utafiti ambao ningependa bodi yenu iujadili ni wa Tanzania, unaoitwa KiuFunza, uliofanywa na shirika la Twaweza pamoja na watafiti kadhaa katika shule 350 za wilaya 10, mwaka 2013 na 2014. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya ziada pekee. La pili, walimu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la stadi za msingi katika Kiswahili, Kiingereza na hesabu. La tatu likapewa vyote viwili. Ruzuku pekee haikupandisha alama. Motisha pekee ilileta matokeo ya kusitasita. Vyote viwili kwa pamoja vikazaa zaidi ya jumla ya kila kimoja peke yake. Ukifikiri vizuri si ajabu: mwalimu mwenye ari asiye na vitabu amefungwa mikono, na shule yenye vitabu ambavyo hakuna anayejali kuvifungua imejaza kabati.

Hapo pande zote mbili za mjadala wenu zinapata somo. Wanaosema "ongezeni fedha tu" hawako sahihi. Indonesia waliongeza maradufu malipo ya walimu wenye sifa, na utafiti makini haukuona watoto wakijifunza zaidi kwa sababu hiyo. Na wanaosema "fedha hazina maana" nao hawako sahihi: Marekani, Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico waliwafuatilia watu wazima waliosoma katika shule zilizoongezewa fedha kwa amri za mahakama na mageuzi ya sheria, wakakuta kwamba nyongeza ya asilimia 10 katika miaka yote 12 ya shule iliambatana na mishahara ya juu kwa takriban asilimia 7 ukubwani, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotoka familia maskini.

Umeona lakini? Busia, Andhra Pradesh, Tanzania: katika majaribio yote matatu motisha ilikuwa nyongeza juu ya kilichokuwepo. Hakuna shule iliyokatwa msingi wake. Pendekezo lililo mbele yenu limegeuza hilo juu chini.

Mahali pekee ninapoona serikali ikiunganisha fedha nyingi na matokeo kwa miaka mingi, na watoto wakafaidika, ni jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, ambalo si tajiri. Mwaka 2007 jimbo lilibadilisha sheria ya kugawa mapato ya kodi ya bidhaa kwa manispaa. Asilimia 18 ya fungu la manispaa zote ikawa inagawanywa kwa kufuata kipimo cha elimu, kikiwemo cha watoto wadogo kujua kusoma. Anayebanwa hapo ni meya. Mwalimu wa shule ndogo hakatwi chaki. Na wakati huohuo jimbo lilipeleka mpango mkubwa wa kusaidia kila manispaa kufundisha watoto kusoma katika umri unaostahili: vitabu, mafunzo, wafuatiliaji wa madarasani. Tuzo nayo wakaipangia kwa akili. Shule inayofanya vizuri hupewa fedha kwa sharti la kuishika mkono shule iliyo mkiani, na sehemu ya tuzo huzuiwa kwanza wakati kazi hiyo ikiendelea. Mji wa Sobral, wa jimbo hilohilo, uliongoza Brazil nzima katika kipimo cha taifa cha elimu ya msingi mwaka 2015 na 2017. Mwaka 2020 katiba ya nchi ikarekebishwa ili majimbo yote yagawe sehemu ya kodi hiyo kwa kuangalia ujifunzaji.

Linganisha na sheria ya Marekani iliyotiwa saini mwaka 2002, iliyotaka kila mtoto afikie kiwango ifikapo 2014, na shule iliyokosa lengo la mwaka ikabiliwe na mlolongo wa adhabu. Nitaitendea haki: Thomas Dee na Brian Jacob walikuta hesabu za darasa la nne zilipanda kweli kwa sababu yake. Kusoma hakukupanda. Mwaka 2014 ulipofika lengo lilikuwa mbali, majimbo mengi yalikuwa yameshapewa msamaha, na mwaka 2015 sheria ikabadilishwa.

Basi bodi yenu iseme nini? Mimi ningeandika barua fupi isiyokataa uwajibikaji. Ningesema ruzuku ya msingi ifuate mtoto na uhitaji wake, isiguswe na matokeo. Kama serikali inataka kuzawadia, iwe nyongeza, tena ndogo, kwa kupima hatua waliyopiga watoto na si kimo walichofikia, kwa wastani wa miaka mitatu angalau, kati ya shule zinazofanana. Ningesisitiza kwa herufi kubwa kwamba kila mtoto aliyeandikishwa ahesabiwe, pamoja na asiyefanya mtihani, ili mchujo usimlipe mtu yeyote. Na shule ikishuka miaka mitatu mfululizo, kitakachofuata kiwe ukaguzi wa kina, kisha msaada wenye tarehe. Ikibainika ni uzembe au wizi, awajibishwe mtu mzima mwenye jina na cheo. Mwalimu mkuu anaweza kubadilishwa, hesabu zinaweza kukaguliwa. Hilo ni kali kuliko kukata ruzuku, na wenzako wakali watalipenda.

Ila barua haitakuwa na uzito kama ninyi wenyewe hamjui shule yenu. Kabla ya kikao, ombeni matokeo ya miaka mitano kwa kila somo. Ikiwa kushuka kuko kwenye hesabu pekee, na mmoja wa walimu watatu mnaowakosa ni wa hesabu, mmeshapata mazungumzo ya kweli. Fungueni daftari la mahudhurio la darasa la mwisho kwa miaka hiyo miwili. Kisha nendeni madarasa ya chini, la pili na la tatu, muone wangapi wanaweza kusoma aya fupi. Mtihani wa mwisho huwaambia yaliyoharibika miaka minne iliyopita. Darasa la pili litawaambia ya miaka minne ijayo.

Yapo mambo ambayo jibu langu la maandishi haliwezi kuwafanyia. Kanuni yenyewe ya mgao ikishachapishwa, mwombeni afisa elimu anayehusika na bajeti aje akae nanyi, aingize namba za shule yenu mbele yenu, na muwe na mtu mmoja anayejua takwimu, hata kama ni mwalimu wa sekondari. Mkihisi udanganyifu wa mtihani, msifanye upelelezi wenu wala msimhoji mtoto. Peleka taarifa kwa maandishi kwa mamlaka ya mitihani au kwa wakaguzi. Na kama fedha zimeshakatwa katikati ya mwaka kinyume na mlivyoidhinishiwa, tafuteni mwanasheria kabla ya kuandika malalamiko, kwa sababu huenda kukawa na muda maalumu wa kukata rufaa.

Mwanao sasa. Usimhamishe kwa sababu ya asilimia 45, kwa maelezo niliyotoa hapo juu. Mpime yeye. Jioni moja mpe hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili ambayo hajawahi kuiona, asome kwa sauti, kisha akusimulie alichosoma bila kitabu. Mpe na hesabu za kutoa na kugawanya. Akiweza bila kuhangaika, shule inamfanyia kazi yake, asilimia za watoto wengine hazimhusu. Asipoweza, shule mpya haitaponya hilo peke yake. Zungumza na mwalimu wake ana kwa ana, umwombe akuonyeshe madaftari, na mpeleke hospitali apimwe macho na masikio, maana watoto wengi wanaoitwa wazito wa kuelewa hawaoni ubaoni. Mkubaliane mambo mawili au matatu ya kufanya, na upime tena baada ya muhula mmoja. Kama muhula umepita, mwalimu wa somo bado hajapatikana, na mtoto hajasogea, mhamishe. Kuwa mjumbe wa bodi hakukulazimishi kumwacha hapo.